Barua ya wazi kwa wenye kushika mfuko: friji bila mizani na bila fundi ni deni tu

Mheshimiwa Gavana wa Mkoa wa Haut-Katanga, Mheshimiwa Meya wa Jiji la Lubumbashi, Waheshimiwa Wabunge wa mkoa, Wakurugenzi wa benki na COOPEC (vyama vya akiba na mikopo), viongozi wa FOGEC (mfuko wa kudhamini mikopo) na FPI (mfuko wa kukuza viwanda), na ninyi wakubwa wa makampuni ya migodi mnaosaini mikataba ya kantini: tunawasalimu kwa heshima.

Tunaandika sisi mafundi wa friji, wapishi wakuu na wahasibu wa jikoni kubwa za Lubumbashi: za hospitali, za shule za bweni, za hoteli na za kantini. Ombi letu ni moja. Pesa inayotafutwa kwa ajili ya kupunguza chakula kinachotupwa ianze na mizani, baridi na fundi, na irudishwe kutokana na akiba inayoonekana kwenye ndoo. Miradi ya namna hii ikianza kuzungumzwa, cha kwanza kupigwa picha huwa ni mashine inayomeza mabaki na kutoa mbolea au gesi. Mashine hiyo zamu yake ni ya mwisho, na jikoni nyingi hazitaihitaji kabisa.

Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 ilihesabu tani bilioni 1.05 za chakula zilizotupwa duniani mwaka 2022 na nyumba, maduka na jikoni za biashara. Sehemu ya jikoni za biashara na taasisi ilikuwa asilimia 28. Kwetu, katika nchi ambamo zaidi ya watu milioni 25 wamehesabiwa kuwa kwenye njaa kali, takwimu hiyo haihitaji maelezo. Muungano wa Champions 12.3, unaopigania kupunguza chakula kinachotupwa duniani, nao ulichunguza kantini 86 katika nchi sita, ukakuta kwamba kila dola iliyotumika kuzuia upotevu ilirudisha kwa wastani zaidi ya dola 6 ndani ya miaka mitatu. Hatuwaahidi sita. Hapa dola hiyo inapita kwanza kwenye umeme unaokatika, kwenye makala (makaa ya kupikia) na kwenye mazutu (dizeli) ya jenereta. Ndiyo maana namna ya kukopesha ina uzito kuliko kiasi cha mkopo.

Tuchukue sufuria moja. Chakula cha mchana kimekwisha, jikoni ya hospitali imebaki na lita 40 za maharagwe yenye nyuzi 90. Mpishi akiyaacha mezani, jioni katikati ya sufuria bado ni vuguvugu. Akifunika na kwenda kulala, asubuhi anakuta povu na harufu ya uchachu. Wengine wanafanya haraka, wanaisukuma ya moto hivyo hivyo ndani ya kongelateri, yaani friji ya kugandisha. Hapo hesabu inakataa. Kushusha lita 40 kutoka nyuzi 90 hadi 5 ni kuondoa karibu kilowati-saa 3.8 za joto, na kongelateri ya kawaida ya lita 300 haiondoi zaidi ya wati 150 hivi. Ni zaidi ya saa 24 za moteri kunguruma bila kupumzika, hata umeme usipokatika, na wakati huo nyama iliyokuwa pembeni imeanza kuyeyuka. Jikoni ilikuwa ipoteze maharagwe, sasa inapoteza na nyama.

Vijidudu kama Clostridium perfringens na Bacillus cereus vina mbegu zinazostahimili kuchemka. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 zinaamka na kuzaana. Kwa hiyo kanuni ni hii: kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Lita 40 zinaenea kwenye sinia tano au sita za inoksi (chuma kisichoshika kutu) za sentimita 53 kwa 32, kina kisichozidi sentimita 5. Sinia ziketi ndani ya beseni la maji ya bomba, maji yabadilishwe mara mbili au tatu huku mpishi akikoroga, mpaka chakula kifike nyuzi 30. Maji hayo peke yake yameondoa zaidi ya theluthi mbili ya joto lote. Nyuzi 25 zilizobaki zinataka kilo 12 za barafu kwa hesabu. Tuseme 15, kwa sababu nyingine itayeyushwa na hewa ya jikoni. Barafu iligandishwa usiku, umeme ulipokuwepo. Mashine ya kupoza kwa ghafla ingefanya kazi hiyo ndani ya dakika 90, ni kweli, lakini inavuta kilowati kadhaa kwa mkupuo, na jenereta ndogo ya jikoni haiibebi.

Neno dogo juu ya kipimajoto, kwa sababu tumeona vizuri vikitupwa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Anayekipima kwenye maji yanayochemka akitafuta 100 atasema ni kibovu. Kipimwe kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa yenye maji kidogo: kisome 0.

Baridi haiokoi kila kitu. Sombe (majani ya muhogo) iliyopikwa inaganda na kurudi vizuri, mchuzi pia, samaki pia. Bukari, yaani ugali, hairudi. Ikipoa inakuwa jiwe, na ukiichemsha upya hakuna mtu anayeila. Kilo moja ya unga inatoa karibu kilo tatu za bukari, kwa hiyo jikoni inayotupa kilo 30 za bukari kwa siku inatupa kilo 10 za unga, pamoja na makala yaliyoipika, na miti ya miombo iliyokatwa kuchoma makala hayo. Dawa yake ni kupika kwa zamu: sufuria ya pili isiwekwe maji mpaka ya kwanza ifike nusu, na ya tatu isongwe baada ya kuhesabu watu walio kwenye mstari. Jiko la ziada dogo, la kusonga kilo 3 au 4 za unga kwa wakati, linaokoa zaidi ya friji kubwa. Ni kifaa cha bei ndogo, hakuna anayekikatia utepe, na sisi tunaomba kiwemo kwenye orodha ya vifaa vinavyokopeshwa.

Jikoni itajuaje kama shida yake ni bukari au maharagwe? Kwa ndoo nne na mizani. Ndoo ya kwanza inapokea vilivyoharibika stoo, ya pili maganda na mabaki ya kuandaa, ya tatu chakula kilichobaki kwenye sufuria, ya nne mabaki ya sahani. Mizani ya kilo 30 inayosoma hatua za gramu 10, ya betri, inatosha. Kila ndoo ipimwe tupu kwanza, uzito wake uandikwe ubavuni kwa rangi. Mwisho wa kila zamu mtu mmoja, yule yule, anaandika uzito na idadi ya sahani zilizotoka. Siku 14 mfululizo, zikiwemo za baada ya mshahara, kwa sababu watu hawali sawa wiki hiyo. Kugawanya kilo kwa sahani kunatoa gramu za upotevu kwa kila mlaji, na hiyo ndiyo namba tunayotaka ionekane kwenye kila faili la mkopo.

Inaharibika wapi? Maji ya kuoshea yakimwagwa kwenye ndoo ya nne, uzito unadanganya. Mifupa na maganda ya ndizi yakichanganywa na chakula kinacholika, jikoni inajiona mbaya kuliko ilivyo. Kubwa zaidi ni hili: bosi akianza kukata mshahara kwa sababu ya ndoo nzito, kesho yake ndoo inakuwa nyepesi na mabaki yanatoka kwa mlango wa nyuma. Karatasi ya mizani isitumike kama ushahidi wa kosa la mpishi. Zipo mizani zenye kamera zinazotambua chakula zenyewe. Ni nzuri, lakini zinataka intaneti ya kila saa na malipo ya kila mwaka kwa dola, na hazina faida kwa jikoni ambayo bado haijashika kalamu.

Sasa friji yenyewe. Kinachoua friji Lubumbashi ni umeme dhaifu kuliko umeme uliokatika. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 160, kompresa, moteri inayosukuma gesi ya friji, inajaribu kuwaka na kushindwa, inaguna, inapata moto, na baada ya majaribio mengi nyaya za ndani zinaungua. Umeme ukikatika na kurudi ndani ya dakika moja, presha ya gesi bado haijatulia, na kuwasha hapo ni kusukuma mlango uliofungwa. Stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti, yenye kuchelewesha kuwasha kwa dakika 3 hadi 5 inazuia yote mawili. Mkopo wowote wa friji usiokuwa na kifaa hicho ndani yake urudishwe mezani.

Kongelateri inayofunguliwa kwa juu inafaa kuliko ya mlango wa mbele, kwani baridi nzito haimwagiki kila inapofunguliwa. Ikijaa na kufungwa inashikilia kiasi cha saa 48 bila umeme. Ikiwa nusu, saa 24. Chupa za maji zijazwe penye nafasi. Lakini barafu ya maji ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 0: inalinda mboga na maziwa, haiwezi kuweka samaki kwenye 18 chini ya sifuri. Kwa samaki wa Kasenga ni sola au ni jenereta. Kongelateri inayokula kilowati-saa 1.2 kwa siku, katika mawingu ya Januari ambapo tunahesabu saa 4 za jua kamili, inahitaji paneli mbili za wati 300, betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100, na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida) ya wimbi safi isiyopungua wati 1,500, kwa kuwa kompresa inapowaka huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Anayeuza inveta ya wati 500 kwa kuwa "friji yenyewe ni wati 150" anauza kesi ya mahakamani.

Na fundi. Friji ikipoteza baridi, desturi mbaya ni kuongeza gesi na kuondoka. Gesi hailiwi, ikiwa imepungua, kuna tundu. Kazi sahihi ni kujaza nitrojeni na kutafuta tundu kwa povu la sabuni, kuziba, kubadilisha kichujio, kunyonya hewa na unyevu kwa pampu, kisha kujaza gesi kwa kupima kwenye mizani. Friji nyingi mpya zinatumia R600a, gesi inayowaka moto, kwa gramu chache tu. Kuijazia R134a, gesi ya aina nyingine, kwa sababu ndiyo iliyopo gengeni kunaiharibu, na kuchomea bomba lenye R600a ndani kunaweza kumuunguza fundi. Tunaomba kila mkopo utenge fedha za matengenezo ya miaka miwili, zilipwe kwa fundi kila robo mwaka baada ya kusaini karatasi: mpira wa mlango umepimwa kwa kipande cha karatasi kisichochomoka ovyo, vumbi la wavu wa nyuma limefagiliwa, nyuzi zimesomwa.

Ndugu wa benki na COOPEC, hapa ndipo neno letu kwenu. Mkopo mnaoujua zaidi ni wa mfanyabiashara wa bidhaa: miezi michache, hati ya kiwanja kama dhamana, riba juu ya mkopo wote wa mwanzo. Jikoni haina hati ya kiwanja, na akiba yake inaingia kidogo kidogo kila siku. Tuseme kifurushi kizima, kongelateri, stabilizateri, sinia, mizani na matengenezo, ni dola 1,800 kwa miezi 12 na riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote, jikoni inalipa dola 195 kwa mwezi, jumla 2,340. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, ni karibu dola 175.50, jumla 2,106. Tofauti ni dola 234 kwa karatasi mbili zilizoandikwa asilimia ile ile. Riba ya namna ya kwanza, ukiipima kwa namna ya pili, inafika karibu asilimia 4.3 kwa mwezi. Iandikwe wazi.

Kwa siku 26 za kazi, dola 195 ni dola 7.50 kwa siku. Ikiwa kilo ya chakula kilichopikwa imegharimu jikoni dola 1.50, unga, mafuta, nyama na makala vikiwa ndani, inabidi iokoe kilo 5 kila siku ndipo ilipe awamu bila kugusa kitu kingine. Hakuna jikoni inayookoa upotevu wake wote. Kupunguza nusu ni kazi nzuri. Kwa hiyo jikoni ambayo karatasi yake ya siku 14 inaonyesha chini ya kilo 10 za chakula kilichoweza kuokolewa kwa siku isipewe mkopo huu. Tunasema hivyo tukijua baadhi ya wenzetu watakasirika. Ipewe mizani, kipimajoto na sinia, basi.

Kwa zile zinazofaa, kifaa chenyewe kiwe dhamana: jikoni ikodishe mpaka imiliki, awamu zilipwe kwa wiki, na shule za bweni zisidaiwe wakati wa likizo. FOGEC iliundwa kudhamini mikopo ya wajasiriamali. Tunaomba idhamini sehemu ya hasara ya kundi zima la jikoni, kwa masharti kwamba karatasi ya mizani na mkataba wa fundi viko kwenye faili. Benki ibaki na sehemu yake ya hasara, la sivyo haitasoma karatasi hizo.

Mama wa malewa, yule anayeuza chakula kilichopikwa kando ya barabara, tumwache nje ya mkopo wa friji. Sufuria yake inaisha. Akibakiza, anapunguza bei jioni. Yeye anapoteza kabla ya kupika: nyanya zilizobondeka, samaki waliolala joto usiku mmoja. Kinachomfaa ni chumba cha baridi cha pamoja karibu na soko la mtaa wetu wa Kenya au la Mzee Kabila, hapa Lubumbashi, analipa kwa kreti kwa siku, kama ColdHubs wanavyofanya Nigeria kwa vyumba vya sola. Nyanya zisiwekwe pamoja na samaki wala kwenye baridi ya samaki. Nyanya chini ya nyuzi 10 zinapoteza ladha na kuoza zikitoka. Vyumba viwili vidogo, basi, badala ya kimoja kikubwa. Meya akitoa kiwanja na ulinzi, wapo watakaoleta paneli.

Wakubwa wa migodi, mikataba yenu ya kantini inatupa chakula kabla moto haujawashwa. Mkandarasi analazimishwa kuweka vyakula vyote mpaka dakika ya mwisho, anapewa idadi ya wafanyakazi ya juzi, na analipwa kwa fakturi (ankara) inayosubiri miezi miwili au mitatu. Mtu wa namna hiyo anapika kwa woga, na awamu ya mkopo hawezi kuilipa hata akiokoa. Mna beji zinazosomwa getini: idadi ya walioingia zamuni ifike jikoni angalau saa 3 kabla ya chakula. Mkataba uruhusu chakula cha aina mbili tu katika nusu saa ya mwisho. Gramu za upotevu kwa sahani ziandikwe kwenye zabuni, na akiba igawanywe kati yenu na mkandarasi. Akipunguziwa bei yote mara moja, hatapima tena. Kwa kuwa sheria ya ukandarasi mdogo ya mwaka 2017 inataka kazi hizi ziende kwa kampuni za mtaji wa Kikongo, kuwalipa kwa wakati ndilo jambo litakaloifanya sheria hiyo iwe na maana. Benki nayo ikubali fakturi iliyosainiwa kama dhamana.

Msitumie kwa kantini zenu ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo Kanuni ya Migodi ya 2018 imeitenga kwa maendeleo ya jamii. Hiyo ni ya vijiji na mitaa inayoguswa na mgodi. Jikoni za vituo vya afya na shule za huko zinastahili kuombewa humo, zikikubaliwa na jamii yenyewe.

Kuhusu gesi ya mabaki tuseme kwa ufupi. Kilo 10 za mabaki ya chakula hutoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi, ambayo inapunguza makala kweli. Lakini mtambo ukilishwa bukari na mafuta kwa pupa unageuka asidi, gesi inakufa, na mitaa inalalamika harufu. Inabidi kuacha kulisha, kuongeza samadi ya ng'ombe na chokaa kidogo, na kungoja wiki kadhaa. Juni na Julai usiku ni baridi, mtambo usiofukiwa ardhini unalala. Ufikiriwe kwa jikoni ambayo, baada ya mwaka wa mizani, bado ina maganda na mabaki ya sahani ya kutosha kila siku. Mabaki mengine yanaweza kwenda kwa wafuga nguruwe, yakichemshwa kwanza kwa nusu saa, maana homa ya nguruwe ya Afrika husafiri kwenye mabaki ya nyama.

Mheshimiwa Gavana, yaliyo mikononi mwa serikali ni machache na hayana gharama kubwa. Vipuri vya baridi, yaani kompresa, vichujio, mipira ya milango, pampu za kunyonya hewa, vinapita mpaka wa Kasumbalesa na kulipiwa ushuru. Tunaomba mlipeleke Kinshasa ombi la kuvipunguzia ushuru na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, pamoja na orodha yake iliyoandikwa na mafundi. FPI inaweza kugharimia karakana moja ya mafunzo yenye nitrojeni, pampu na mizani ya gesi, ambapo fundi atapewa cheti kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya benki. Na jedwali la mgao wa umeme kwa kila mtaa litangazwe kila Jumapili, kwa saa, hata kama wiki ijayo ni mbaya. Mpishi wa mtaa wa Katuba akijua kwamba Jumatano umeme utakatika saa kumi jioni, ataanza kugandisha kilo zake 15 za barafu Jumanne usiku.

Kwa heshima,
Mafundi wa friji, wapishi wakuu na wahasibu wa jikoni, Lubumbashi